Umefunga rimu nyepesi kwenye pikapu, sasa gari imeanza vituko: uanzie wapi

Mwaka jana ndani ya miezi minne nilibadilisha rimu za Hilux Vigo yangu mara mbili, nikalipa balansi mara tatu, na usiku mmoja nikalala Chalinze bila kupanga. Chanzo ni neno moja tu, "nyepesi". Gari yangu ni ya mzigo, nachukua mahindi Kibaigwa naleta Dar, ilikuwa na rimu za chuma inchi 16 na zile tairi nyembamba za 205R16, haina sura lakini inafanya kazi. Sasa nikawa naona wenzangu wamepiga aloi, yaani rimu za alumini, gari imesimama, alafu nikaambiwa na mafuta utapunguza maana rimu nyepesi gari haihangaiki kuzizungusha. Nikaingia mzima mzima.

Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye pikapu wepesi wa rimu unauliziwa mwisho. Kabla yake kuna vitu vinne: tundu la kati, ofseti (rimu inakaa ndani au nje kiasi gani) pamoja na upana, mzigo ambao rimu inaruhusiwa kubeba, na umbo la sehemu nati inapokalia. Ukikosea kimoja gari itakusumbua hata kama rimu ni nyepesi kama sinia la bati. Tundu za nati zenyewe sizisemei sana maana zikikataa zinakataa hapohapo dukani, ila mtego uko hapo pia: Hilux, Prado, Ranger, D-Max na Triton zote ni tundu 6 kwa 139.7, yaani tundu sita kwenye duara la mm 139.7, kwa hiyo muuzaji akikuona na pikapu anakwambia "hizi zinaingia boss" na kweli zinaingia. Navara za kuanzia D40 ndo ziko peke yake, 6 kwa 114.3, na Land Cruiser pikapu za 79 ni tundu 5 kwa 150. Akitokea fundi anataka kukutobolea tundu mpya kwenye rimu, mshukuru uondoke.

Twende dalili kwa dalili. Namba zangu nyingi ni za Hilux kwa sababu ndo ninayoijua, ila njia ya kutafuta tatizo ni ileile kwa pikapu yoyote.

Usukani unatetemeka kuanzia 80 hivi

Hii ndo inaongoza, na ndo inakula hela za watu, maana kila ukienda unaambiwa balansi. Kabla ya balansi osha rimu. Sitanii. Ukitoka rafu rodi kipindi cha mvua tope linajaa upande wa ndani wa rimu usiouona, linakauka huko, ukifika lami umebeba udongo sehemu moja ya gurudumu na gari inacheza kama ina homa. Aloi zenye bonde kubwa kwa ndani zinakamata tope kuliko hata za chuma. Maji na kijiti, dakika kumi.

Umeosha na bado? Sikiliza unatetemekea wapi. Usukani mkononi, tatizo liko mbele. Kiti na sakafu, liko nyuma. Kama inatetemeka ukikanyaga breki tu, hapo angalia diski, na diski nyingi zinaharibiwa na ile mashine ya upepo, nati ya kwanza imekazwa mpaka mwisho wakati ya pili haijashikwa hata kwa mkono.

Yangu ilikuwa inatetemeka muda wote, breki au bila breki, 80 mpaka 100, ukipita 110 inapoa. Nikapiga balansi, mashine ikasoma sifuri sifuri. Nikarudi tena, sifuri. Mara ya tatu nikahama fundi, sifuri pia, nikaanza kuwaza labda ni mikono yangu.

Kumbe mashine ilikuwa inasema ukweli na mie nilikuwa nasema ukweli. Habu ya Hilux, pale gurudumu linapofungwa, katikati ina shingo ya kama mm 106, na rimu ya kiwandani tundu lake la kati ni 106.1, inakaa pale kama kifuniko kwenye sufuria yake, gurudumu linawekwa katikati na ile shingo, nati kazi yake kubana tu. Rimu nilizonunua tundu la kati lilikuwa 110, zimetobolewa kubwa makusudi ili ziingie kwenye magari mengi. Hapo una nafasi ya karibu mm 4, rimu inaning'inia kwenye stadi, zile bolti zinazoshika nati, na kama fundi amekaza gari ikiwa imeshashushwa chini basi gurudumu limekaa pembeni ya kati kwa mm 1 au 2, ambayo ukiitazama kwa macho huioni lakini kwa mwendo wa 90 unaisikia mpaka kwenye meno. Kule kwenye mashine ya balansi rimu inashikwa na koni katikati kabisa, ndo maana kila siku sifuri.

Kujua haihitaji kifaa. Piga jeki, toa nati zote, acha rimu imekaa kwenye habu peke yake, itikise juu chini. Ikicheza umepata jibu. Dawa ni pete ya kati, nje 110 ndani 106.1, kwa pikapu chukua ya alumini usichukue ya plastiki maana breki za gari ya mzigo zinachemka, na kama dukani hamna, fundi mwenye mashine ya kukereza chuma anakutengenezea ukimpa vipimo. Alafu nati zinaanzwa kwa mkono, gurudumu liko hewani, unakaza kwa kuvuka, hii na inayotazamana nayo, ndo unashusha.

Kwa faida ya wenye gari zingine: Ranger za T6 shingo ni 93.1, D-Max 100.1, Triton 67.1. Kwa hiyo rimu ya Ranger kwenye Hilux haipandi kabisa, lakini ya Hilux kwenye Ranger inapanda na inaelea, na kwenye Triton inaelea kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Kupanda kwenye stadi siyo kuenea, na muuzaji hatakwambia hilo.

Ikiwa imekaa katikati vizuri na bado inatetemeka, weka tofali karibu na ukingo wa rimu, bisibisi juu yake, ncha iwe karibu kugusa, zungusha taratibu uangalie ule mwanya. Ukipanuka na kubana rimu imepinda, na cheki hasa mdomo wa ndani maana shimo linapiga ndani wakati we unaangalia nje inang'aa. Ukingo ukiwa sawa sogeza bisibisi kwenye tairi, unaweza kukuta nundu.

Nati zinalegea, au kuna mlio wa kok kok ukianza kuondoka

Hapa simamisha gari sasa hivi.

Baada ya zile rimu za kwanza kunishinda niliamua kufanya kitu cha akili, nikanunua rimu za Prado za mtumba inchi 17, orijino, na mpaka leo nasema hilo ndo chaguo bora la pikapu ya Toyota kwa mtu asiye na hela ya kuchezea. Tundu la kati ni lilelile 106.1, tundu sita zilezile, ofseti inaenda na gari, zimetengenezwa kubeba gari nzito. Fundi akafungua rimu za zamani, akafunga za Prado, akatumia nati zilezile, nikalipa, nikaenda Kibaigwa.

Kurudi na mzigo, nimeshapita Morogoro, nikaanza kusikia kok, kok, kok upande wa nyuma kulia kila nikiondoka kwenye tuta. Nikadhani ni mzigo umehama. Chalinze nikasimama kununua maji, nikapitisha mkono kwenye gurudumu, nati ya kwanza ikazunguka kwa vidole. Ya pili hivohivo. Stadi mbili ukizigusa zinacheza, moja ikakatika wakati naikaza. Saa mbili usiku, maduka ya spea yamefungwa. Nikalala kwenye gari juu ya siti na magunia nyuma, asubuhi nikaletewa stadi kwa basi.

Sababu ni hii. Toa nati moja uiangalie upande unaoingia kwenye rimu. Za rimu za chuma zina koni, zimechongwa kama ncha ya penseli butu, zinaingia kwenye shimo lenye umbo hilohilo. Za aloi orijino za Toyota za miaka ile ziko tofauti kabisa, zina shingo ndefu nyembamba inayoingia ndani ya tundu na washa flati inayozunguka, na washa ndo inabana. Ukiweka nati ya koni kwenye rimu ya Prado, koni inagusa ukingo wa tundu tu, kamstari kembamba kama uzi, badala ya kubana uso mzima. Ukikaza inakaza, unaridhika kabisa. Ukitembea kilomita mia kadhaa na mzigo ule ukingo wa alumini unalika, nati inapata nafasi, na inaanza safari yake. Kwenye rimu zangu ule uzi ulikuwa unaonekana wazi, duara linang'aa kwenye kila tundu, rangi imekwanguka pale tu.

Kinyume chake ni kibaya vilevile. Rimu za dukani mpya nyingi ni za koni ya digrii 60, sasa mtu ana Hilux Revo yenye aloi za kiwandani anahamisha zile nati zake za washa kwenye rimu ya koni, washa inakaa juu ya shimo la mviringo kama sahani juu ya glasi.

Kwa hiyo ukinunua rimu nunua na nati zake, sita kwa kila gurudumu, 24. Stadi za Hilux ni M12 hatua 1.5, yaani unene mm 12 na kila mzunguko nati inasogea mm 1.5. Ukianza kufunga hesabu mizunguko kabla haijagusa: nati ikishika uzi mizunguko 8 umepata mm 12 za uzi, ndo unakaribia unene wa stadi yenyewe, hapo sawa. Ikishika minne mitano tu basi rimu ni nene mno sehemu ya nati au kuna spesa, kile kipande cha kusogeza rimu nje, katikati, usiondoke nayo.

Kukaza ni kama Nm 110. Huna spana ya kupimia? Chukua wili spana ya sentimita 35, weka mkono mwishoni, sukuma kwa uzito wa kama kilo 32, ndo hapo. Kijana wa kilo 80 akisimama juu ya spana na kurukaruka anazalisha zaidi ya mara mbili, anavuta stadi, kesho inakatika bila sababu ya kuonekana. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100, aloi mpya lazima ikae. Na kabla ya kufunga angalia mgongo wa rimu pale inapolala kwenye habu, kama wamepaka rangi nene kwangua, maana rangi ikishabanwa ikapondeka nati zote zinabaki na uwazi kidogo.

Inasugua ukikata kona, au ukipakia

Usiulize "tairi kubwa?" peke yake. Tafuta palipong'aa. Paka chaki bega la tairi ndani na nje, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, rudi nyuma kidogo, alafu ingia chini uone chaki imehamia wapi. Ikihamia kwenye mkono wa juu wa sasipensheni au chesisi rimu imeingia ndani mno, ikihamia kwenye madigadi, bampa au lile plastiki la mbele basi imetoka nje mno au tairi imezidi kimo.

Hesabu yake ni nyepesi, ila watu wanaiogopa kwa sababu ya ile ET. ET ndo ile ofseti, ni umbali kwa mm kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaolala kwenye habu. Namba ikiwa kubwa gurudumu linaingia ndani, ikishuka linatoka nje, ikiwa na alama ya kutoa mbele linatoka nje zaidi. Aloi ya kiwandani ya Vigo inchi 17 ni upana 7.5J, yaani inchi 7.5, na ET30. Nusu ya upana ni mm 95, toa 30, ukingo wa nje uko mm 65 kutoka kwenye habu. Mie seti yangu ya kwanza ilikuwa 9J na ET kutoa 12. Nusu ya upana mm 114, jumlisha 12, unapata 126. Yaani kila gurudumu limetoka nje sentimita 6 zaidi! Nilikuwa naona gari imetanuka vizuri, kumbe tope lote linapaa mpaka kioo cha mlango, trafiki ananiita kila kituo, na ukikata kona tairi inachora duara kubwa kuliko nafasi iliyopo inakula plastiki la mbele.

Ukitaka kuongeza upana kistaarabu, 8J ET20 inatoka nje mm 16 tu na ndani inaachia mm 3 au 4. Hapo hakuna kinachogombana.

Nyuma watu wanajisahau. Gari tupu haigusi, ukiweka tani bodi inashuka juu ya springi, ndo tairi inakutana na ukingo. Pima na mzigo.

Usukani unarusharusha mikono, au kuna mvumo unaoongezeka na mwendo

Ni mtoto wa tatizo la hapo juu. Gurudumu likitoka nje sana barabara inapata mkono mrefu wa kuvuta usukani, kila shimo unalisikia kwenye kidole gumba, na beringi za mbele zinabeba mzigo pembeni badala ya katikati. Mvumo wa beringi unabadilika ukiyumbisha gari taratibu kushoto na kulia, wa tairi haubadiliki, unabadilika ukibadili barabara. Spesa zinaleta kitu kilekile, kwa hiyo kama umenunua rimu nyepesi alafu unaweka spesa ya chuma ili "zitoke", umerudisha uzito na umeongeza tatizo.

Gari imekuwa nzito, haichanganyi, mafuta yanakwenda

Hapa ndo nilicheka mwenyewe. Pale ninaponunulia mahindi kuna mizani, nikasema ngoja. Gurudumu la zamani, rimu ya chuma na 205R16, kilo 27. Gurudumu jipya, aloi "nyepesi" na 285/70R17 ya meno makubwa, kilo 38. Rimu yenyewe peke yake haizidi kilo 12, sawa na ile ya chuma. Nimenunua wepesi, nikavalisha koti la mvua lililolowa.

Na tairi ndo iko mbali kabisa na kitovu, uzito wa huko ndo unaoitesa injini kuuzungusha na breki kuusimamisha. Ukipunguza kilo 2 kwenye rimu alafu ukaongeza kilo 11 kwenye tairi hujafanya kitu. Halafu kuna kimo: 205R16 ni kama mm 740 kutoka chini mpaka juu, 285/70R17 ni 831, yaani asilimia 12 zaidi. Ni sawa na mtu amekubadilishia gia zote kuwa ndefu. Kule nilikokuwa napanda na gia ya nne nikawa napanda na ya tatu. Nilienda Iringa mara moja na zile tairi, kushuka Kitonga nilikuwa nakanyaga breki mpaka mguu unachoka, maana gurudumu kubwa linahitaji nguvu zaidi ya breki ileile.

Na speedmita inakudanganya. Ikisoma 50 we uko karibu 56, hata ukiondoa kale kaziada ambako speedmita za kiwandani husoma juu kidogo bado uko pabaya. Tochi haijui umevaa tairi gani. Sasa hivi nina 265/65R17 ambayo ni mm 776, kwenye mizani gurudumu zima ni kilo 28 na nusu, gari imerudi kuwa gari.

Kwa hiyo ukienda dukani nenda na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi. Rimu ya 17 kwa 8 ya kumiminwa kwenye kalibu kwa kawaida inacheza kilo 11 mpaka 13, zile za kufuliwa kwa presha zinafika 10 au chini ya hapo. Kuna kijana aliniambia "kaka hizi ni foji", mie nikamshangaa anavyokiri mbele ya mteja, kumbe alikuwa anamaanisha zimefuliwa, yaani ndo zenye nguvu. Tukazipima, kilo 13 na nusu. Basi zilikuwa foji kwa Kiswahili chetu.

Upepo unapungua polepole, au umeona kamstari kama unywele

Povu la sabuni ya kufulia, brashi, na uvumilivu. Anza kwenye valvu, zunguka midomo yote miwili, alafu mgongo wa ndani wa rimu, maana upepo unaweza kutokea kwenye chuma chenyewe kama rimu imemiminwa vibaya na ina vitundu. Midomo ikiwa na kutu nyeupe isuguliwe, tairi irudishwe.

Ila ukiona ufa kwenye aloi ya pikapu hadithi imeisha. Najua kuna watu wanachomelea, na inashika, na upepo hautoki. Alumini ya rimu imepitishwa kwenye moto na kupoozwa kwa mpango ili ipate nguvu, ukiichomelea pale pembeni inalainika, na itapasukia palepale siku umepakia. Gari ndogo ya kwenda ofisini sijui, ya mzigo hapana.

Kwa nini ilipasuka? Geuza rimu usome. Utakuta MAX LOAD imeandikwa, mara nyingi kwa pauni. Ikiandika 1500 LBS hizo ni kilo 680. Sasa chukulia ekseli yako ya nyuma ikiwa imepakiwa inabeba kilo 1,700, kila gurudumu 850, na hapo gari imesimama, haijapiga shimo. Hiyo rimu ilitengenezwa kwa gari la kubeba familia. Mie sinunui chini ya kilo 1,000 kwa nyuma. Angalia pia alama za Kijapani, JWL ni kipimo cha magari madogo, JWL-T ni cha malori na mabasi na ndo unayoitaka kwenye gari ya mzigo, VIA maana yake imeandikishwa baada ya kupimwa. Ziwe zimechomoza kwenye chuma chenyewe. Za stika hata mie naweza kuzichapisha.

Kama kila siku unabeba tani na barabara zako ni za mawe, nitasema kitu ambacho wauza rimu hawapendi, baki na chuma. Chuma kikipinda kinagongwa na nyundo unafika. Aloi ikipasuka kule Handeni ndani utaiangalia tu.

Tik tik tik ndogo baada ya kufunga

Mara nyingi ni zile risasi za balansi za kubandika, zimebandikwa ndani ya rimu mahali zinapogusa kalipa, ile inayobana diski ya breki. Toa gurudumu uone risasi iliyokwanguliwa, hamisha. Ikiwa ni mkwaruzo mzito wa chuma na umefunga rimu ya inchi ndogo kuliko ya kiwandani, basi rimu yenyewe inagusa kalipa, na hapo hakuna cha kuchonga, rudisha dukani. Kabla hujavalisha tairi jaribisha rimu tupu kwenye habu ya mbele, zungusha kwa mkono, kidole kipite kati ya kalipa na rimu. Ukishavalisha tairi hawarudishi hela.

Stepni

Hii wanaisahau wote. Stepni yangu bado ni ile ya chuma, na tairi ya 205. Ni fupi kuliko zingine, kwa hiyo ikibidi naiweka mbele, sitembei nayo mbali, na siingizi fowilidraivu kwenye lami nikiwa nayo maana difu zinapigana. Kule chini ya bodi inakoning'inia pia pana kipimo chake, ile 285 ilikataa kuingia kabisa nikawa naibeba juu ya magunia.

Alafu nati. Nati orijino za Toyota za aloi nyingi ncha ya ile shingo imechongwa koni kidogo ili zishike stepni ya chuma mpaka ufike kwa fundi. Za kununua zisizo orijino unakuta ncha imekatwa flati, haishiki kitu. Zangu ni hizo za flati, kwa hiyo nati sita za zamani za koni ziko kwenye kopo la Blue Band ndani ya dashibodi, na nimemwambia dereva anayenisaidia kwamba hilo kopo siyo la kuwekea chenji.